Siku Baba Mkwe Aliponiita Uwanjani

Huku kwetu Tarime mke na baba mkwe wake huheshimiana kwa mbali. Tangu niolewe, nilikuwa namwamkia mzee shikamoo, anaitikia, kisha kila mmoja anaenda zake.

Mwaka juzi alimpeleka ng'ombe wetu kwenye maonyesho ya wakulima, kwenye shindano la kutoa maziwa mengi. Mimi nilikaa pembeni na wanawake wenzangu. Mkamuaji alipoinama tu, ng'ombe akarusha teke na ndoo ikabingirika. Akajaribu mwingine, naye akapigwa. Watu wakacheka. Mzee akageuka, akanitafuta kwa macho.

"Mama, njoo," akaniita. "Huyu anakujua wewe."

Nilipita mbele ya watu wote. Nikamshika ng'ombe ubavuni, nikamwimbia taratibu kwa Kikurya kama ninavyofanya kila asubuhi, akatulia nikamkamua.

Tulikuwa wa pili. Mwamuzi alipouliza ng'ombe ni wa nani, mzee alinionyesha mimi.

"Ni wa binti yangu."

Machozi yalinitoka pale pale. Tuliporudi nyumbani tukimswaga ng'ombe, mzee alitangulia bila kugeuka, lakini njia nzima alikuwa akiniuliza habari za ule wimbo, na nilifundishwa na nani.