Mguu wa Hafidhi

Karakana ya Mzee Salem pale mtaa wa Gerezani inatengeneza bawaba za milango, na mimi nauza chai na chapati mlangoni pake. Mashine kubwa ya kukata bati inataka watu wawili. Mmoja anaweka kipande cha bati chini ya kisu kwa mikono, mwingine anakanyaga pedali ya kukishusha. Kwa makelele yale hakuna anayemsikia mwenzake. Basi mwenye mikono akishatoa vidole anainamisha kichwa mara moja, na mwenye mguu anakanyaga. Mgeni akiingia anadhani wanasalimiana kutwa nzima.

Mwenye mikono alikuwa Hafidhi, mtu wa Lindi, baba wa watoto wawili. Mwenye mguu alikuwa Bryson, Mngoni wa Songea, mcheshi asiyeishiwa maneno. Hafidhi aliacha shule kidato cha pili baba yake alipofariki, na kilichomrudisha darasani ukubwani ni hasira. Vijana aliowafundisha kazi yeye mwenyewe walifanywa wasimamizi mbele ya macho yake, kwa sababu wana cheti cha kidato cha nne na yeye hana. Akajiandikisha masomo ya jioni kule Msimbazi, ili Novemba afanye mtihani. Kutwa yuko kazini, jioni darasani, na akirudi nyumbani anasoma tena. Nilimpenda kwa hilo, sifichi. Chapati iliyoiva vizuri nilikuwa namwekea yeye.

Wakati wa chai Bryson ndiye aliyeshika kitabu na kumwuliza maswali, mpaka na yeye akazijua sehemu za ua kuliko jina la mkwewe. Alikuwa akijigamba kwamba cheti kikitoka watagawana.

Mimi nilianza kuogopa mapema. Hafidhi alikuwa anatia sukari kwenye chai, anasahau, anatia tena. Siku moja alisinzia na chapati mdomoni, wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia mshika mbili moja humponyoka, akanijibu kwa heshima zote kwamba ni mpaka Novemba tu. Likizo alishaomba. Mzee Salem si mtu mbaya, kila Ijumaa ananunulia karakana nzima chai, lakini alisema likizo itatoka bawaba za mteja mmoja wa ghorofa la Upanga zikikamilika. Bawaba zikawa hazikamiliki.

Ikafika mchana mmoja wa joto, watu wametoka kula. Naosha vikombe, nikainua macho, nikamwona Hafidhi kichwa kinashuka. Vidole vyake vilikuwa bado chini ya kisu. Bryson akaona kichwa kimeinama, akakanyaga kama alivyozoea. Kisu kilikata ncha ya glavu. Glavu ilikuwa kubwa, na ndani ya ncha ile hakukuwa na kidole. Walitazamana, kisha wakaanza kucheka kama wajinga. Nilitamani niwachape wote wawili kwa mwiko.

Wakinywa chai, Bryson akaja na wazo lake.

"Kaka, tubadilishane," alisema. "Mkono wako ndio utakaoandika mtihani. Mimi sina mtihani. Wewe kaa kwenye pedali, nikiinamisha kichwa unakanyaga. Ukisinzia, mashine inasimama tu, hakuna noma."

Kila mtu aliona ni akili. Hata mimi nilishusha pumzi. Lakini jioni, nikikanda unga wa kesho, nikaanza kujiuliza mguu wa mtu aliyelala unakaa wapi. Nimebeba watoto wengi mgongoni, na najua mtoto akilala anakuwa mzito. Roho haikutulia. Asubuhi, Hafidhi alipokuja na shikamoo yake, sikumwitikia marahaba. Nilimwambia mtu akilala hulegea, na mguu uliolegea hauendi juu, unaenda chini. Nikamwomba atoke kwenye ile mashine, hata akafagie.

"Mama, nikitoka hapo leo, kesho nafasi yangu ina mtu," alisema. "Zimebaki wiki chache. Niombee tu."

Nikamwombea. Nilikuwa nageuza chapati huku naomba, na kila kisu kilipopiga nilihesabu vidole vya Bryson kwa macho. Darasani walikuwa wameanza mitihani ya majaribio, na Hafidhi alikuwa anakuja kazini macho mekundu, anagonga bega mlangoni kama mtu asiyeujua mlango. Nilikwenda kwa Mzee Salem mwenyewe. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema Jumatatu atawapanga upya.

Jumatatu haikuwahi. Ijumaa mvua ilinyesha, mchana ukawa kiza, taa zikawashwa. Bryson alikuwa bado anaweka bati sawa. Nilikuwa namtazama, kichwa chake kilikuwa juu. Cha Hafidhi ndicho kilichoshuka, kidevu kikagusa kifua, na mguu ukafuata.

Bryson alipoteza vidole vinne vya mkono wa kulia. Mzee Salem alilipa matibabu yote, na ile mashine ikawekewa kinga ya chuma ambayo ingeweza kuwekwa miaka yote. Hafidhi aliapa kwamba hatafanya mtihani. Bryson akamwita hospitali na kumwambia asipoufanya atakuwa amemkata bure. Akaufanya.

Matokeo yalipotoka mwanzoni mwa mwaka, alikuwa amefaulu. Alikuja kuniambia mimi kwanza, lakini alimkuta Bryson kwenye benchi langu, kwa sababu siku hizi Bryson analinda geti. Hafidhi akasimama palepale, simu yenye matokeo mkononi. Bryson hakuhitaji kuambiwa. Aliweka kikombe chini, akainuka, akamnyooshea mkono, ule ambao kwetu humpi mtu unayemheshimu.

"Hongera, kaka," alisema. "Samahani kwa mkono wa kushoto."

Hafidhi aliutazama mkono ule. Wake wa kulia ulikuwa mzima, na hakuweza kuuinua.