Vidonge vya Kiwalani

Mume wangu alirudi kutoka Kiwalani na kichupa kidogo cha kioo cha kahawia, kimevalishwa kijifuko cha kitambaa cha maua na kufungwa kwa uzi mwekundu. Sikuuliza ni dawa ya nini. Niliuliza kijifuko kashona nani.

"Mwenzio," alisema, akakaa mkekani kuvua viatu polepole kama mgeni.

Kiwalani ndiko anakokaa mke mwenzangu. Mimi ni bi mkubwa, niko Mbagala, kwenye nyumba tuliyoijenga tofali kwa tofali wakati mume wangu bado anajifunza kutengeneza makochi. Yeye ni bi mdogo, amekuta fundi ana karakana yake na jina mjini. Zamu tunagawana sawasawa, kama dini inavyotaka. Watu husema uke wenza mtu huuzoea. Watu hao hawajawahi kumpikia wali wa nazi mwanamume huku wanajua kesho anakwenda kusifia wa mwingine.

Kifua kilimbana kwa mara ya kwanza akiwa kwa bi mdogo, asubuhi, akiinua ndoo ya maji. Yeye ndiye aliyemkimbiza hospitali. Yeye ndiye aliyesema "mimi ni mkewe" pale mapokezi, na yeye ndiye ambaye nesi alimkalisha akamfundisha. Mimi nilikuja kuambiwa mgonjwa ameshatoka, ameshaoga na kubadilisha shati. Nilimshukuru Mungu kwamba mume wangu yu hai, ila nilishukuru nimekunja uso. Kwa nini kifua kisingembana kwangu?

Jioni ile ile simu ikaita.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Dada samahani, ni ile ishu ya dawa. Nimeona nikwambie mwenyewe, maana yeye atasahau. Kifua kikimbana, mkalishe kwanza. Asisimame, ile dawa inashusha presha, ataanguka. Kimoja chini ya ulimi, asimeze, asitafune. Dakika tano. Kisipoachia, mpe cha pili, na hapohapo tafuta gari mwende hospitali. Na usivihamishe kwenye kopo jingine, dada, vinaharibika. Visikae juani wala kwenye mfuko wa suruali."

Nilijibu "haya" kwa kila neno, meno yameumana. Mtu aliyemkuta mume wangu ana mvi tayari ananifundisha mimi namna ya kumlaza na kumkalisha! Simu ilipokatika nilikitoa kile kijifuko cha maua, nikashona changu kwa kipande cha kanga yangu. Zamu iliyofuata kichupa kilirudi ndani ya kijifuko cha maua. Nikabadilisha tena.

Siku ya kliniki nilihakikisha inaangukia kwenye zamu yangu. Nilivaa doti mpya, nikajifukiza udi, nikaingia naye hadi ndani. Nesi alikuwa binti wa rika la mwanangu wa mwisho. Alitueleza kwamba mishipa inayolisha moyo imekuwa myembamba, na kwamba kidonge kile kinaitanua ili damu ipite bila taabu.

"Na si lazima usubiri maumivu, baba," alisema. "Ukijua unakwenda kufanya kitu cha kukuchosha, kupanda ngazi, kunyanyua mzigo, weka kimoja kabla, kinakukinga."

Mume wangu alikohoa, akatazama picha ya mama anayenyonyesha iliyobandikwa ukutani.

"Na yale mambo ya nyumbani je?"

"Hata hayo, baba," nesi akajibu bila kupepesa jicho. "Ila zile dawa za kuongeza nguvu za kiume, wanazouza barabarani, usithubutu. Zikikutana na hii, presha inashuka na hatutakuwahi."

Mimi niliinamisha kichwa, nikachezea pindo la kanga, lakini moyoni nilikuwa natabasamu. Hilo la mambo ya nyumbani bi mdogo hakufundishwa. Jumapili mchana tukajaribu. Aliweka kidonge chini ya ulimi, tukakaa ukingoni mwa kitanda tukisubiri kama watu wanaongoja chai ichemke. Mara akashika kichwa. Nesi alitwambia kitauma, ndiyo dawa yenyewe hiyo inafanya kazi, lakini hakusema kitagonga namna ile. Tulicheka mpaka machozi. Nikamfunga kichwa kwa kanga yangu, akalala. Sikuwa na kinyongo hata kidogo siku hiyo.

Baada ya pale hakugusia tena. Akija anakula kidogo, anasema amechoka, anageuka upande. Nikajisemea, haya, umri nao. Kisha nikaanza kukisikiliza kile kichupa.

Kikiondoka kwangu kimejaa, ukikitikisa hakina hata nafasi ya kulia. Kikirudi kutoka Kiwalani, vidonge vinagongana viwili vitatu tu, na kingine kipya kinanunuliwa kabla ya wakati wake. Na kila akirudi kutoka huko, ameshika paji la uso, anaomba nizime redio. Kichwa kinauma. Nesi mwenyewe alisema kichwa kikiuma ujue kidonge kimetumika. Mimi nikaweka moja na moja pamoja. Kwangu amechoka, kwa bi mdogo anatanua mishipa!

Wivu si maneno ya kwenye taarabu tu. Nilikuwa nausikia hapa, chini ya matiti, wakati nasugua sufuria, wakati nasali. Nilimwona yule mwanamke akimfungulia kile kichupa kwa vidole vyake vyembamba. Nilimwona akisubiri naye ukingoni mwa kitanda. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba huenda na huko walicheka.

Siku moja aliingia mchana, uso umemshuka, nikashindwa.

"Kapumzike, baba. Kichwa cha Kiwalani hakitaki kelele."

Alitabasamu. "Wivu huo, mama, utakuua wewe kabla yangu mie."

Basi. Hakukana. Mwanamume huyu hukana kila kitu, hata ukimwambia amechelewa atabishana na saa. Safari hii aliliacha liende, na mimi nikalichukua lile tabasamu kuwa ni maringo ya jogoo mzee. Nilimtilia chai, nikaimwaga nusu kwenye sahani.

Kesho yake, alipokwenda kazini, nilimpigia bi mdogo. Shikamoo yake sikuingoja iishe.

"Mwenzangu, mie si mtoto mdogo. Mume ni wetu sote na moyo wake ni wetu sote. Mwonee huruma. Vidonge vyote vinaishia huko kwako, na ninakijua kinachovimaliza."

Nikasikia kicheko, lakini hakikuwa cha furaha.

"Dada, unanitania? Mie ndo nilikuwa natafuta pa kuanzia kukwambia wewe. Huku kwangu ni kulala tu, anageukia ukutani. Kichupa kinatoka Mbagala kimebaki makombo, na kichwa kinamuuma huyo, hataki hata mtu aongee. Nikasema bi mkubwa kapata ujana upya. Nimelia, dada. Wallahi nimelia."

Nitasema kweli: kwanza nilisikia utamu. Yule mwenye vidole vyembamba analia kwa ajili yangu! Ananionea wivu mimi, na goti langu hili bovu! Nilikuwa tayari kucheka. Ndipo akauliza, sauti imebadilika:

"Sasa dada, kama si kwangu na si kwako, vinakwenda wapi?"

"Karakana," nilisema, maana ndiko anakopita akihama nyumba moja kwenda nyingine. Nilivaa ndala zisizofanana nikatoka. Bajaji yangu na bajaji yake zilifika karakana karibu pamoja, na hatukusalimiana. Tulimkuta amekaa kwenye fremu ya kochi ambalo halijawekewa hata sponji, nyundo iko chini, mkono kifuani, mdomo ameufumba. Alipotuona wawili tumeongozana macho yalimtoka, lakini hakuweza kusema kwa sababu kidonge kilikuwa bado chini ya ulimi. Alinyoosha kidole kimoja, tusubiri.

"Msiogope, mama zangu," fundi mwenzake akasema huku anakata kitambaa. "Sie tumeshazoea. Anakaa hivyo kidogo, inapita, anaendelea. Tangu asubuhi hiyo ni mara ya pili."

Kidonge kilipoyeyuka, mume wangu alituangalia kwa zamu.

"Mlikuwa mnaoneana wivu," alisema. "Nikaona afadhali. Mngejua, mngenikataza kazi, na nyumba mbili zile nani angezilisha?"

Tulimshika huku na huku tukampakia kwenye gari.

Hospitali daktari alikitikisa kile kichupa kama nilivyokuwa nakitikisa mimi, akamuuliza anavitumia wakati gani. Mume wangu aliangalia sakafu.

"Nikipiga nyundo. Nikitembea kwenda msikitini. Siku hizi hata nikiwa nimekaa tu."

"Hata ukiwa umekaa?" Daktari akageuka, akamwambia nesi alete kitanda cha magurudumu haraka, alazwe sasa hivi. Kisha akatugeukia sisi wawili. "Dawa ikianza kuisha upesi hivi, maana yake moyo unazidiwa. Nyie mnaokaa naye hamkuona?"

Tuliona. Kila mmoja aliona kuliko mwenzake. Walipomsukuma kupita mlango ambao sisi haturuhusiwi, bi mdogo alinishika mkono, nami sikuutoa. Kama angetokea mtu pale akaniapia kwamba vidonge vile vyote viliishia Kiwalani, kitandani kwake, ningepiga vigelegele korido nzima.