Nilimwambia Mama Peke Yake, Akaitangazia Jumuiya

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana huku Mshangano tunafahamiana. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, naishi na wazazi na mdogo wangu wa kike. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Tangu nivunje ungo mama alikuwa akiniambia, "Mimi ni rafiki yako, usinifiche kitu." Mwaka huu nimebadilika mpaka mwenyewe sijielewi. Nacheka, mara nataka kulia. Halafu kuna kijana tunaimba naye kwaya, akisimama karibu nasahau maneno ya wimbo. Hatujawahi hata kushikana mikono. Nikamwambia mama tukichambua maharage. Akanisikiliza vizuri, akanishika bega, nikaona kweli nina mama.

Jumamosi jumuiya yetu ya kanisani ikasali kwetu. Nikiwa napanga vikombe vya chai, ukafika wakati wa maombi. Mama akasema kwa sauti, "Mwombeeni binti yangu, ameanza kupenda mvulana wa kwaya. Shetani asimharibie masomo."

Wote wakanigeukia. Mama wa yule kijana alikuwepo, na mwanawe ndiye mvulana pekee wa rika langu kwenye ile kwaya. Wakati wa kuondoka akaniambia mbele ya wenzake, "Mwanangu ana mitihani, mwache asome." Tangu siku hiyo kijana akiniona anavuka barabara, na wasichana wa kwaya wananiita mkwe.

Nikamuuliza mama kwa nini. Akasema, "Mbele ya Mungu hakuna siri." Nikamjibu, "Mungu nilishamwambia mwenyewe." Baba akafoka kwamba nimeota mapembe, na radhi nikaambiwa niombe mimi. Mimi!

Sasa mama anapata kwangu shikamoo tu, basi. Analalamika kwa majirani kuwa nimeingiwa na kiburi cha ujana. Hajiulizi kimetoka wapi.

Kilichonisukuma kuandika ni mdogo wangu wa miaka kumi na miwili. Jana tukiosha vyombo ameniambia kwa aibu kwamba ameona damu, anaogopa. Nikamweleza, nikampa pedi zangu. Kisha akauliza, "Dada, nimwambie mama?"

Nikaendelea kusuuza sahani. Nikisema ndiyo, Jumamosi watamwombea. Nikisema hapana, nitakuwa namfundisha kumkimbia mama yake angali mdogo hivyo. Bado anasubiri. Ninyi mlio wazazi, na dada zangu mliopitia haya, niambieni: nimjibu nini huyu mtoto?