Rafu ya Vitabu kwa Bi Kitana

Bi Kitana hakuwa msomaji. Alikuwa msusi, tena msusi wa maneno mengi, na mwenye maneno mengi hana nafasi ya kusoma ya wenzake. Saluni yake ilikuwa chumba kirefu chenye vioo viwili, mashine ya kukaushia nywele iliyounguruma kama lori linalopanda mlima, na benchi ambalo aliyekaa mwisho akiinuka ghafla, mwenzake anaanguka. Alifanya kazi na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwanamke mwembamba mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Mume alipofariki, watu walidhani mawifi hao watatengana, kila mtu ashike lake. Wapi! Wakawa chanda na pete.

Vitabu vililetwa na mteja mmoja, mama aliyekuwa na nyumba ya wageni hapo mtaani na sasa anafunga biashara akakae na wajukuu. Miaka nenda miaka rudi wageni walisahau vitabu chini ya mito na nyuma ya vitanda, naye hakuwa na moyo wa kuvitupa.

"Chukua, Bi Kitana," alisema huku povu la shampuu likimtiririka shingoni. "Wateja wakisoma watanyamaza."

"Wakinyamaza mimi nitaishije? Umbea ndio unaowaleta!"

Hata hivyo vikaja, vimejaa toroli. Mchanganyiko wake ulikuwa wa ajabu: vya sala na utulivu wa roho, riwaya za mapenzi na za wapelelezi, vya kufundisha namna ya kutengeneza filamu, na maisha ya watu ambao hakuna aliyewahi kuwasikia. Vile vya lugha wasizozijua, wifi alivipanga juu ya kiti ili watoto wakija kusukwa wavikalie, wafikie kioo.

Vilivyobaki vilihitaji rafu. Ndipo akaitwa fundi wa kuchomelea vyuma kutoka karakana ya ng'ambo ya barabara, ambaye kila mtu alimwita Cheche. Alikuwa mtu wa makamo, mabega mapana, hajaoa. Ujana wake aliumalizia kulea wadogo zake, nao walipokua wakaenda kwao, wakamwachia nyumba na ukimya. Alipima ukuta, akaondoka bila neno, akarudi na rafu ya chuma yenye maua pembeni.

"Mbona maua sikuagiza?" akauliza Bi Kitana.

"Yamejitokea tu," Cheche akajibu, akitazama viatu vyake.

Wifi akakohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa.

Kabla hajatoka, Cheche aliomba kuazima kitabu. Akachagua kimoja cha utulivu wa roho, akakibeba kwapani kama mkate. Aliporudi, saluni ilikuwa imefurika.

"Kinasema ukae kimya, ufumbe macho, uusikilize moyo wako," akaeleza. "Nikakaa."

"Moyo ukasemaje?"

"Sijui. Nililala. Nimeamka shingo imekakamaa."

Saluni ikalipuka. Mama aliyekuwa chini ya mashine hakusikia hata neno, lakini naye akacheka kwa sababu wenzake wanacheka. Bi Kitana alicheka mpaka akashika ukuta. Cheche, ambaye maishani mwake hakuwahi kuchekesha mtu, alisimama pale ameduwaa, kisha masikio yakamwiva kwa furaha.

Safari ya pili alichukua riwaya. Aliirudisha amefura.

"Huyu mwanamume wa humu ni mtu gani? Mpenzi wake anapanda treni, yeye kasimama stesheni anapunga mkono! Anapunga!"

"Ulitaka afanyeje?"

"Apande! Tiketi atakata humo humo ndani!"

 Bi Kitana alipotazama mikono yake aligundua kuwa mistari aliyomsuka mteja yote inaelekea upande usiotakiwa, akaanza kufumua.

"Mbona unafumua, dada?"

"Tulia. Nakupendezesha."

Tangu hapo akaanza kusoma, na sababu yake aliificha hata nafsini mwake: alitaka awe na la kumuuliza Cheche. Alisoma kwa kidole, midomo ikimchezacheza. Siku moja wifi alimfuma ameketi chini ya mashine isiyowashwa, riwaya mkononi, machozi yanamtoka.

"Nini tena?"

"Mpelelezi kapigwa risasi!"

"Pole kwa msiba," wifi akasema, akaendelea kupasha chuma cha nywele.

Kitabu cha filamu ndicho kilichovuruga mambo. Cheche alikisoma, akachomelea fremu ndogo ya nondo, akawa anapita barabarani akichungulia ndani yake: cherehani ya jirani, nguo kwenye kamba, paka juu ya bati. Akaingia nayo saluni.

"Kitabu kinasema ukitaka kukiona kitu vizuri, kiwekee mipaka."

Akamlenga wifi.

"Toa hiyo! Mimi si picha ya pasipoti."

Akamgeukia Bi Kitana, akaishikilia. Nondo ni nzito, lakini hakuishusha.

"Unaona nini?" Bi Kitana akauliza.

"Bado naangalia."

Yule mwanamke wa maneno mengi akainamisha kichwa, akaanza kutafuta chanuo lililokuwa mkononi mwake.

Jioni hiyo wakifagia nywele, wifi alikuwa kimya. Bi Kitana akamchungulia usoni. 

"Wifi, kama kuna neno, liseme."

"Lipo." Wifi akaegemea ufagio. "Kaka yangu nilimpenda, unajua. Alipokwenda, kicheko chako kilikwenda naye. Ulichobaki nacho kilikuwa cha kuwaridhisha wateja. Sasa chenyewe kimerudi, nakisikia mpaka nikiwa sokoni. Halafu leo mtu anakutazama, wewe unainamisha kichwa kana kwamba umeiba. Kwa nini? Kwa ajili yangu?"

"Nilihofia nitakupoteza."

"Unipoteze niende wapi? Sisi uwifi wetu haukuzikwa na mtu."

Wakalia wameshikana, kila mmoja na ufagio wake, kisha wakagundua kuwa muda wote walikuwa wakisukumiana nywele zile zile, mmoja huku, mwingine kule. Wakacheka hadi wakakaa sakafuni.

Asubuhi moja Cheche akaja kurudisha kitabu cha maisha ya mwanamke fulani aliyevuka milima akitengeneza saa za minarani. Amevaa shati safi, vifungo vimepishana. Wifi akamwona, akaizima mashine ili watu wasikie.

"Huyu mama ameona dunia," Cheche alianza. "Saa zote kazitengeneza. Lakini kitabu kizima hakuna wa kumuuliza, 'Umekula?' Nimefika mwisho nikahuzunika. Mimi maisha yangu hayajazi hata ukurasa, Bi Kitana. Ila huo ukurasa, nataka na wewe uwemo."

 Bi Kitana akafungua kinywa ajibu, ikatoka kwikwi. Akajaribu tena, kwikwi.

"Mpeni maji!"

"Azibe pua!"

"Mtisheni!"

"Ameshatishika huyo, mnataka afe?"

Akanywa maji, akaziba pua, akavuta pumzi. "Ndi-" kwikwi. "-yo."

Cheche akatazama huku na huku kwa wasiwasi. "Amesema ndiyo au siyo?"

"Ndiyo!" saluni nzima ikapiga kelele, na mama mwenye rola kichwani akamkumbatia mpaka rola zikamwagika.

Walioana asubuhi, bila makuu. Wadogo zake Cheche walikuja wote, wakishangaa kumsikia kaka yao akiongea. Mchana maharusi wakaenda sinema, wifi katikati amebeba bisi, maana Bi Kitana alikataa kata kata aachwe nyumbani. Cheche akawa anamnong'oneza namna picha ilivyopangwa, lakini bibi harusi alikuwa ameshazama.

"Usifungue huo mlango!" akamfokea mwigizaji. "Jamani, yuko nyuma ya pazia!"

Watu wakacheka, wengine wakamsaidia kumwonya mwigizaji, ukumbi ukawa kama soko, mpaka mwenye tochi akaja kuwaomba watoke kwa heshima. Wakakaa ukingoni mwa barabara na nguo zao za harusi, wakibishana kama yule mwigizaji aliufungua mlango au hakuufungua, huku bisi zikipita kutoka mkono hadi mkono.