Kasida ya Bi Huwaida Isiyongoja Wapokezi

Bi Huwaida alizaliwa Pate, akaolewa Amu angali msichana, na tangu hapo wanawake wa mtaa wetu hatukusoma kasida ila yeye awe mbele. Yeye akitoa ubeti, sisi tukipokea kwa kipokeo. Sauti yake haikuwa kubwa. Marehemu mumewe, Bwana Abdulhalim, hakupenda sauti ya mkewe ivuke dirisha la ndiani ikasikiwa na wapita njia, basi Bi Huwaida akaizoeza kukaa ndani ya chumba. Kilichotufanya tumpende ni adabu yake. Hakutoa ubeti mpya mpaka mwenzetu wa mwisho, hata bikizee anayejikokota nyuma, amalize kupokea.

Mwaka jana akaota uvimbe kooni. Daktari akamwambia lazima apasuliwe Mombasa, na sauti huenda isirudi.

"Alhamdulillahi kwa kila hali," akasema, akaendelea kuchagua mchele.

Aliyeshindwa kutulia ni mwanawe, Ubaid, anayewapigia wageni muziki kwenye hoteli moja ya Ras Kitau. Akaja na kompyuta yake na maiki kuukuu aliyoinunua kwa mtu.

"Mama, nitakurekodi kasida zako kabla hujasafiri."

Akaegemeza magodoro ukutani, akamkalisha mamake kwenye mkeka. Sauti ikatoka ndogo, kama ya mtu aliye chini ya kisima. Ubaid akapandisha kitufe, na pamoja na sauti ukapanda mvumo wa feni na mlio wa punda.

"Mama, toa sauti!"

"Hii ndiyo niliyopawa, mwanangu. Nyengine sina."

Siku ya pili ndipo alipogundua kwamba maiki ile haiimbiwi kichwani kama zile za hotelini, huimbiwa ubavuni, tena ubavu mmoja tu, naye alikuwa amempa mamake mgongo wa maiki. Akaigeuza, akaisogeza karibu na mdomo, akazima feni. Alipotusikizisha alichorekodi, sauti ikajaa chumba. Mimi nilikuwa nimeshika birika la kahawa, nikaliweka chini nilie.

Tatizo likabaki moja. Bi Huwaida alivalishwa hedifoni asikie mdundo wa twari aliourekodi Ubaid mapema, ajue pa kuingilia. Lakini na sauti yake mwenyewe ilipita humo humo. Iliingia kwenye kompyuta, na kompyuta ile kongwe ikaichelewesha kabla ya kuirudisha masikioni. Akitoa mstari, akinyamaza, ausikia unakuja nyuma. Naye anangoja. Twari inakwenda, yeye yuko kimya.

"Mama, mbona wanyamaza?"

"Kuna mtu yuwapokea."

"Hakuna mtu! Ni wewe mwenyewe, umechelewa ndiani!"

"Najua ni mimi. Lakini nitamkatizaje mtu hajamaliza?"

Ubaid alicheka, kisha akaacha kucheka. Akateremsha namba fulani kwenye programu ili kompyuta isikae na sauti. Ikaanza kukwaruza kama samaki kikaangoni. Akapandisha, uchelewaji ukarudi. Siku zikapita hivyo. Mwisho akafunga programu zote nyengine, akaipata namba inayofaa, akamwambia mamake avue hedifoni sikio moja ajisikie kwa sikio lake.

"Bismillahi, mama. Yeo haikushindi."

Bi Huwaida akafungua mdomo, ikatoka pumzi. Koo lilikuwa limevimba kwa kurudia rudia. Kesho yake nikamsindikiza gatini, avuke Manda kupanda ndege.

Alirudi mzima, Mungu ashukuriwe, ila sauti hakurudi nayo. Akizungumza ni kama mtu akwangua kifuu.

Ubaid hakuwa na kingine ila zile kasida zenye vituo. Akakaa nazo kwa mapenzi yote ya mwana kwa mamake. Akakata kila mamake alipongoja, akavuta mistari ikashikana na twari, bila pengo hata moja. Alipomaliza, alikuja kwangu amefurahi. Nikasikiliza, nikamsifu, maana na mimi niliona ni nzuri.

Mfungo sita, mwezi wa maulidi, ukaingia, tukakusanyika kwa Bi Huwaida kusoma. Mkwewe, Aaliya, akaunganisha kwenye spika simu yenye zile kasida. Subhanallah, sauti ile! Ubeti wa kwanza ukaisha, tukapokea. Tulikuwa hatujafika nusu ya kipokeo, ubeti wa pili ukatupanda kichwani. Tukakimbilia wa tatu, nao ukatuacha.

"We Huwaida!" Hindu, rafiki yake wa tangu ujana, akapiga kelele kwa mzaha. "Umerudi na jeuri ya Mombasa? Hutungoji?"

Wengine wakacheka. Bi Huwaida akataka kujibu, ukatoka ule mkwaruzo wa kifuu. Kicheko kikafa chenyewe.

Mmoja mmoja tukanyamaza. Wasichana wa nyuma wakaanza mazungumzo yao, kwani kasida isiyopokewa ni nini, si redio tu. Aaliya akauliza azime?

Nikamtazama Bi Huwaida. Alikuwa amefumba macho, midomo yake ikipokea peke yake, polepole, mpaka neno la mwisho kama ada yake, na sauti yake mwenyewe ilikuwa imeshampita beti mbili mbele.