Pijo ya Pasiansi yatafuta mikono minne

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, Masele Chenge anasimama upande wa kulia wa gari lake, nyumbani kwake Pasiansi, jijini Mwanza, ameshika ukingo wa paa la turubai. Upande wa kushoto hakuna mtu. Anavuta kidogo, vyuma vinalia, anaacha.

"Ngoja waje," anasema.

Gari ni Peugeot 404 nyeupe ya mwaka 1966, ya kufunguka paa. Wenyeji huiita Pijo. Masele (61) aliipata mwaka 1991, tajiri wake aliyekuwa na kinu cha pamba alipofunga biashara na kumwachia badala ya mafao ya udereva. Tangu hapo inabeba maharusi. Kwa harusi moja hulipwa Sh150,000, na ndiyo iliyosomesha watoto wake wanne.

Paa hilo huinuliwa na watu wawili kwa pamoja. Mmoja akitangulia, vyuma hupinda, na vingine havipatikani. Miaka yote mtu wa pili alikuwa mkewe, Teodora. Mwaka jana aliteleza kwenye mawe ya mlimani akavunjika bega. Mkono haupandi tena kupita kifua.

Hivyo Masele anauza, mwenyewe, bila dalali, kwa Sh22 milioni. Mfanyabiashara mmoja wa Igoma alifika milioni 25, ila alitaka kuondoa turubai na kuchomelea paa la bati. Masele alimsindikiza hadi barabarani.

"Mimi ningemuuzia, nikalia baadaye," anasema Teodora.

Wiki iliyopita akaja Safia Yunus, mpambaji wa kumbi za harusi.

"Shikamoo, baba. Nimekuja kuona Pijo."

"Marahaba. Umekuja peke yako?"

"Kwani tunabeba jeneza?"

Wakatoka kuijaribu, paa likiwa wazi, Safia akiendesha kandokando ya ziwa. Mbele, juu ya maji, kikainuka kitu kama moshi. Mtu wa Mwanza hahitaji kuambiwa: ni wadudu wa ziwani, na wakilikuta gauni jeupe la bibi harusi, limekwisha.

"Simama!" Masele alisema. Aliruka chini, akashika upande wake na kuita kwa mazoea, "Mama Jonathan, inua!"

Safia ndiye aliyeinua, tena kwa pupa. Chuma kikalia.

"Nisubiri! Nitazame mimi, usitazame wadudu!"

Paa likafungika. Wakakaa ndani, wadudu wakigonga kioo kama pumba za mpunga.

"Mama Jonathan ni nani?" Safia akauliza.

Masele akamweleza habari ya mkewe na bega lake, kisha akatoa sharti lake: gari halitoki mpaka aje na mtu wa kuinua naye paa siku zote.

Leo Safia amekuja na dada yake, Bimdogo, mshona magauni. Teodora amekaa kwenye kigoda, mkono mmoja umelala mapajani, anaamrisha kwa ule mwingine.

"Bimdogo, usimkimbize mwenzio. Vuta pumzi naye."

"Mama, huyu nimelala naye kitanda kimoja utoto mzima. Hajawahi kunisubiri."

"Leo atakusubiri. Rudieni."

Wanarudia hadi jua linakuwa kali. Mara hii turubai linapanda bila mlio, linatua. Masele anapitisha kidole kwenye maungio.

"Baba Jonathan, mpe kadi ya gari," anasema Teodora.

Sehemu ya fedha itakwenda kwenye mazoezi ya bega hospitalini. Kwa inayobaki, Masele anataka kufungua kibanda cha kushona viti vya magari.

Lakini kwanza kuna Desemba. Jonathan, mtoto wao wa kwanza, anaoa, na Safia ameahidi kuwa Pijo itawapeleka wazazi kanisani kabla ya kumfuata bibi harusi. Itakuwa mara yao ya kwanza kukaa kiti cha nyuma.

Masele anasema ataomba siku iwe kavu.

"Mimi siombi chochote," anasema Teodora. "Mvua ikinyesha, sishuki kuinua paa."