Mtoto Aliyekuwa Njiani

Miaka ya sabini nilikuwa nesi, na kila mwezi tulifanya kliniki ya watoto katika kanisa moja la Mbumbuni, mizani tumeining'iniza kwenye boriti. Nikishampima mtoto uzito, nilimtikisia kopo la maharagwe nyuma ya sikio nione kama atageuka, kisha nikamwekea vifuniko vya soda mkekani nione kama ataviokota.

Mvulana mmoja wa karibu miaka miwili aliviokota vyote. Kimoja akakiweka kando, pale pasipo na mtu, akangoja.

"Nyumbani anacheza na nani?" nilimuuliza mama yake.

"Peke yake, sista." Kisha machozi yakamtoka.

Sikumwuliza zaidi. Jioni nilipanda naye kilima mpaka kwao. Jikoni, juu ya ngozi ya mbuzi, alilala msichana mwenye sura ileile ya yule mvulana, pacha wake. Shingo yake ilikuwa haijakaza. Alikuwa msafi, amepakwa mafuta, kichwa kimenyolewa vizuri. Nyanya yake, ambaye wote walimwita Susu, alisimama kati yangu naye.

"Huyu hajafika bado," alisema. "Mwenzake alifika, huyu yuko njiani. Ukimtoa mbele za watu kabla hajafika, atarudi alikotoka."

"Susu, tumsaidie kukaa tu. Hapa hapa nyumbani."

Akanipisha.

Tulichimba shimo dogo uani, tukalizungushia blanketi kuukuu, tukamkalisha ndani, udongo ukimshika kiunoni na mgongoni. Kaka yake alichuchumaa mbele yake. Msichana akamtazama, akacheka kwa sauti nzito ya ajabu.

"Sijawahi kumsikia akicheka," mama yake alisema, akaketi chini.

Alimkalisha hapo kila siku. Mahindi yalipokauka shambani, mtoto alikuwa akikaa nje ya shimo, ameegemea mikono yake. Mama akambeba mgongoni mpaka kliniki. Kanisa zima likamgeukia. Yeye akapita katikati, akamketisha mkekani.

Mvua zilipoanza, ukambi ukaingia kijijini. Mvulana alipona. Msichana hakupona.

Siku ya mazishi Susu alinishika mkono. "Nilikuambia atarudi," alisema bila hasira, kama mtu anayemwonea mwenzake huruma. Nilijua ukambi huua hata watoto wanaokimbia. Nilijua, na bado sauti ile ya Susu imenifuata hadi uzee huu. Huja mchana, nikiwa napepeta mahindi.

Mama wa mtoto ndiye aliyenisindikiza. "Usiache kuja, sista," aliniambia. "Mwanangu alikaa. Watu walimwona."

Mwezi uliofuata alikuja mama mmoja kutoka Kikima, nisiyemjua, amembeba msichana mkubwa kiasi kwamba miguu ilining'inia hadi magotini mwa mama. Alikuwa amefunika uso wa mtoto kwa leso.

"Nimesikia mnaangalia hata hawa," alisema.

Nikamsaidia kumshusha. Alikuwa mzito, na macho yake, nilipoifunua leso, hayakuzoea mwanga.